Karai Nililoliweka Chini

Hii aibu nilikuwa nimeapa kwenda nayo kaburini, lakini watu wa Kyumbi, pale ninapouza viti vya plastiki kando ya barabara, wameshaanza kuniita Mzee wa Simiti, kwa hivyo afadhali muisikie kutoka kwa mwenyewe, na mkicheka mcheke polepole.

Mwende ni mchumba wangu, na haya yalitokea kwenye kanisa la kwao lililokuwa linajengwa, huko mlimani kupita mji wa Machakos. Wazee wetu walikuwa wameenda kubisha hodi nyumbani kwao kuniombea mke, wakapewa chai, wakapewa chapati, na jibu lililotoka jikoni kwa mamake lilikuwa moja tu: "Tutafikiria." Huyo mama akafikiria mpaka mimi nikaanza kukonda. Ndipo Mwende akanipigia simu.

"Jumamosi kuna mwethya ya kanisa, kazi ya kusaidiana, tunamwaga simiti ya sakafu," akasema. "Kuja waone uko na bidii. Lakini, Musyoka, mama atakuwa hapo. Kaa mbali na yeye."

Hilo la kukaa mbali hakuhitaji kunieleza. Kwetu Ukambani mwanamume na mama mkwe wako na nthoni, ile haya ya heshima: hampeani mkono, hamkai meza moja, mkikutana kwa njia mmoja anachepuka aingie kichakani mpaka mwingine apite. Hata waliookoka wanaifuata (tena hao ndio zaidi). Na kama mama bado anafikiria, kumkosea ni kumsaidia kuamua.

Basi nikafika mapema na gambuti mpya, viatu vya mpira vya kufika gotini. Karibu kanisa zima lilikuwa hapo, akina mama wanaimba, wanaume wanakoroga kokoto na mchanga, na sisi wengine tukapangwa mstari mmoja kuanzia pale wanapokoroga hadi ndani kabisa mbele ya madhabahu, makarai yakipita mkono kwa mkono. Mama Mwende alikuwa mbali mlangoni akiongoza nyimbo, na mimi nikapewa nafasi ndani, karibu na ngazi ya madhabahu ambayo fundi alikuwa ametoka kuimwaga na kuilainisha kwa mwiko. Fundi mwenyewe alikuwa mgeni, mtu wa Magharibi mwa Kenya, na alituambia jambo moja tu, kwamba mstari usikatike, kwa maana simiti haingojei mtu.

Nikafanya kazi vizuri kabisa, hata mchungaji akaniangalia akatikisa kichwa kwa furaha, mimi nikaona harusi hiyo inakuja. Halafu mama aliyekuwa kando yangu akaenda kunywa uji, mtu akaingia nafasi yake, nikageuka na karai mkononi nimpe, na aliyenyoosha mikono kulipokea alikuwa Mama Mwende. Naye alikuwa hajaniona. Tukatazamana, wote wawili tukaganda.

Sasa mtu mwenye akili angesema "samahani" na kuhama. Mimi nikaona nikihama watu watajua, nikaamua kitu kidogo tu: nikaliweka karai chini katikati yetu, naye akaliokota mwenyewe bila kuniangalia. Nikajipongeza. La pili nikaweka chini, na la tatu, lakini kuweka na kuokota kunachelewesha, makarai yakarundikana nyuma yangu, nyimbo zikapoteza mdundo, na fundi akainua kichwa.

"Wewe kijana, mbona unaweka chini? Si umpatie mama kwa mkono?"

Kanisa lote lilielewa, yeye ndiye hakuelewa. Mama Mwende akainamisha macho. Mimi kwa kuchanganyikiwa nikafanya kile nilichofunzwa tangu utotoni, nikachepuka nyuma kumpisha mkwe, hatua moja kubwa ya heshima, nikaingia na miguu yote miwili kwenye ngazi ya madhabahu.

Simiti ikanifika juu ya kifundo. Nikavuta mguu, mguu ukatoka, gambuti ikabaki, nikapepesuka nikielekea kuanguka chali juu ya kazi ya fundi, mikono ikitafuta kitu chochote cha kushika hewani. Na kitu nilichoshika kilikuwa mkono wa Mama Mwende. Alikuwa ameunyoosha mwenyewe. Akanivuta mzima mzima mpaka nikasimama mbele yake na soksi moja, mkono wangu bado ndani ya wake, watu wote wakitazama, mtu fulani nyuma akasema polepole, "Ngai wakwa," yaani Mungu wangu.

Nilishtuka hata sikukumbuka kuachilia. Yeye ndiye aliyeutoa mkono wake, akautazama umejaa simiti, akafunika mdomo kwa leso na kutoka nje bila neno. Fundi akauliza, "Kwani mama amekosea nini? Si amekusaidia?"

Nilirudi Kyumbi na gambuti moja nikijua nimempoteza Mwende. Nilimpenda, sitadanganya, na nilikaa kati ya vile viti nisijue cha kufanya na mikono yangu. Jioni Mwende akapiga simu.

"Mama amesema wazee wenu warudi."

"Wakaambiwe hapana?"

"Walete mbuzi. Anasema nthoni imevunjwa mbele ya kanisa na lazima itengenezwe."

Nikamuuliza polepole, "Mwende, ni nani huwa anaitishwa hiyo mbuzi?"

"Wewe unajua," akasema. "Anaitishwa mkwe peke yake."

Nililia, na niliponyamaza mbuzi nilikuwa nimeshamchagua. Lakini mstari wa kupitisha makarai nimeukataa maisha yangu yote. Siku hizi nikiitwa mwethya naomba kazi ya kuleta maji kutoka mtoni, mimi na punda tu, kwa sababu na punda hatuna undugu wowote.