Jino Lililong'olewa Bure

Mama yangu, Nyamizi, akichambua pamba hupotea kabisa. Mikono inaenda yenyewe, safi kulia, fifi, ile yenye uchafu, kushoto, na macho yako mbali kama anaota. Msimu huu huko kuota kukazidi. Nilimkuta amesimama katikati ya shamba, jasho linamtoka na asubuhi bado ina baridi, ameshika taya.

"Ni jino," akasema.

Siku ya mnada akaenda kwa mng'oa meno, likang'olewa. Jino zuri tu, jeupe. Taya ikaendelea kuuma, na mgongo ukaanza.

"Mgongo wa nani hauumi wakati wa pamba?" baba mdogo Shigela akamtania. "Shemeji, kama unataka kupumzika sema tu."

Yeye moyo ulimshika mwaka juzi akikamua. Alijikandamiza kifua kwa ngumi, akaanguka, maziwa yakamwagika. Pikipiki ikamkimbiza hospitali Bariadi saa ileile. Tangu hapo nyumbani kwetu moyo una sura moja, ngumi kifuani. Mama hakuwa nayo.

Mimi siongei sana, naangalia. Taya ilimshika akibeba furushi la pamba. Akitua, akikaa, inamwachia. Halafu anabaki anatazama mbali, amechoka, kama mtu anayesikiliza wimbo wa mbali.

Tukaenda zahanati. Nesi Judica, mgeni kutoka Moshi, akauliza, "Mama, kifua kinauma?"

"Hapana. Nipe dawa ya jino, nimeling'oa lakini taya bado inauma."

Nesi akashika kalamu aandike.

"Dada," nikasema, "taya inamuuma akibeba mzigo tu. Akikaa inaacha."

"Kwandu, mwache nesi afanye kazi yake."

Lakini Judica alishaweka kalamu chini. "Mama, kwa wanawake mara nyingine moyo hauumi kifuani. Unauma tayani, mgongoni, au unakuchosha tu." Akapiga simu, gari la wagonjwa likaja.

Bariadi wakambandika nyaya kifuani. Daktari akasema mishipa ya moyo imebana, lakini amewahi. Kesho anapelekwa Mwanza.

Baba mdogo alifika alasiri, kofia mkononi. "Shemeji, kumbe ugonjwa wetu mmoja?"

"Wako ulipiga kelele," Mama akasema, akacheka kidogo, akasinzia.

Jua lilipita dirishani likamlalia miguuni. Nikakaa naangalia shuka linavyopanda na kushuka, polepole.