Makochi Nje ya Nyumba

Juzi nilipita mtaa wa Migosi nikaona makochi yametolewa nje ya nyumba moja, na moyo ukanienda mbio. Najua watu wanahama tu. Siku hizi wengi wanaondoka pale kwenda kujenga upande wa Maseno. Hata hivyo nilisimama.

Utotoni nilijua sababu moja tu ya kutoa makochi nje: nyumba kupata nafasi ya jeneza na waombolezaji. Ndivyo ilivyokuwa babu alipofariki. Kwa hiyo mchana mmoja, nilipotoka shuleni nikakuta makochi yetu juani na Mama amekaa mlangoni ameshika tama, niliamua kwamba Baba amekufa. Asubuhi nilikuwa nimemwacha akikohoa. Kwa jirani vidagaa vya omena vilikuwa vinakaangwa.

“Mbona umesimama kama mlingoti wa stima?” jirani yetu, Mama Otis, aliniuliza.

“Baba amewekwa wapi?”

“Amewekwa? Yuko ndani anafungua kitanda! Mnatuacha, nyinyi watu. Ploti hii nitabaki mimi na panya.”

Sikumwamini. Hata siku ya babu walituambia amelala. Nilibaki nje, nikiogopa kuuona uso wa Baba.

Kisha Baba akatoka, shati limelowa jasho. Nilimshika mguu nikakataa kuuachilia. Alinibeba mgongoni akaanza kuyafunga makochi kwa kamba, nami nikabana sikio kwenye shati lake, nikisikiliza kama moyo unapiga.