Vitabu vya Mimea Vilivyoanikwa Kivulini

Mimi ni mtoto wa Kariakoo, na kwa muda mrefu miti niliyoijua vizuri ilikuwa miwili tu: mwarobaini uliokuwa nje ya nyumba tuliyopanga, na mpapai wa jirani. Ndiyo maana watu hushangaa wakisikia nakusanya vitabu vya zamani vya mimea. Nilianza mchana mmoja nikitoka bandarini kufuatilia makaratasi ya mzigo wa mteja, maana kazi yangu ni uwakala wa forodha. Nilipita kando ya turubai la muuza vitabu, mitaa ya Posta. Katikati ya vitabu vya hesabu na vya dini kulikuwa na kimoja chenye jalada la kitambaa cha kijani, mgongo wake umeliwa na mende. Nikakifungua, nikakuta mchoro wa ua ambao hata vinyweleo vya shina vilikuwa vimechorwa kimoja kimoja. Nilisimama pale mpaka muuzaji akaniuliza kama nanunua au nasoma bure.

Nilinunua. Tangu siku hiyo yule bwana akawa ananiwekea vya namna hiyo. Familia ikihama nyumba ya zamani Kisutu, au ofisi ikisafisha stoo yake, alipekua marundo huku akinikumbuka mimi, kisha ananipigia simu niende. Vingine vilikosa kurasa, vingine vilikuwa kwa lugha nisizoweza kusoma. Vyote nilivichukua. Baada ya miaka saba nilikuwa na vitabu thelathini na moja, na havikuwa na pa kukaa ila kwenye maboksi chini ya kitanda.

Kimoja nilikipenda kuliko vyote. Kilihusu miti ya pwani, na pembeni ya michoro mtu fulani alikuwa ameandika kwa penseli majina ya kienyeji. Nilitaka kujua kama majina yale ni ya kweli. Nikakipeleka sokoni Kariakoo kwa mama mmoja wa Kizaramo, mzaliwa wa Kisarawe, aliyekuwa akiuza mizizi, magome na majani makavu. Nikamwamkia, nikamweleza shida yangu. Macho yake hayakuona maandishi madogo, kwa hiyo nikawa namsomea jina, naye anautazama mchoro. Mengi aliyakubali. Kwenye jina moja alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upande wa kanga.

"Hilo si jina la mti, mwanangu," alisema. "Aliyeuliza alitaniwa. Hilo ni tusi."

Nikawa napita kwake kila Jumamosi. Nilimsomea yaliyoandikwa vitabuni kuhusu mti fulani, naye akaniambia waandishi walikosea wapi.

Masika ya mwaka uliofuata maji ya bonde la Jangwani yalipanda. Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba kule bondeni, kwa sababu ya unafuu wa kodi. Jirani alinipigia simu nikiwa kazini, na nilipofika maji yalikuwa magotini. Watu wote walikuwa salama, namshukuru Mungu. Godoro lilikuwa linaelea. Maboksi yalikuwa yamelowa hadi juu, na nilipojaribu kuinua la kwanza likapasuka, vitabu vikaingia kwenye tope.

Nilikaa juu ya meza nikavitazama. Nilikuwa tayari kuviacha vyote. Kilichonifanya nimpigie simu yule mama wala sikijui, labda nilitaka tu mtu mwingine asikitike nami. Hakusikitika. Aliniuliza viko vingapi, kisha akasema, "Vilete hapa leo leo. Na usivianike juani, vitajikunja."

Nilikodi bajaji. Nyuma ya soko alikuwa na kibaraza chenye kivuli ambako alikaushia majani yake, na nilipofika tayari alikuwa amesogeza nyungo na kutandika majamvi. Yule muuza vitabu wa Posta, niliyekuwa nimempa habari njiani, alikuja na mzigo wa magazeti ya zamani. Tuliosha tope kwa maji safi, tukaweka karatasi ya gazeti kila baada ya kurasa chache. Kurasa za picha ndizo zilizotutesa, maana zikikauka zimeshikana hazifunguki tena. Mama alizifungua moja moja kwa vidole vyake, akizipuliza katikati, bila kuchana hata moja. Wauzaji wenzake wawili walikuja kuuliza, wakabaki kusaidia.

Kwa siku kumi na mbili yule mama alivigeuza vitabu vyangu asubuhi na jioni pamoja na majani yake ya biashara. Mimi nilikuwa kazini. Vitabu tisa tulivipoteza. Vingine vilipona, vimevimba na vina mawimbi, na mpaka leo vinanukia mizizi yake ya mdaa na majani ya mrehani. Nilipomuuliza nimpe nini, alisema nimpeleke msitu wa Pugu, hajauona siku nyingi.

Tulikwenda Jumapili moja, mimi na yeye. Humo msituni yeye ndiye aliyetangulia. Nilikuwa nimesoma kuhusu miti ile kwa miaka, lakini nilipoikuta imesimama mbele yangu sikuutambua hata mmoja. Alichuma jani akanipa, akaniambia nilipapase. Lilikwaruza kama karatasi ya fundi seremala.

"Huu ndio msasa," akasema.

Neno hilo nililijua kutoka madukani, kwenye rafu za rangi na misumari. Kwamba ni mti, nilikuwa nimesoma, lakini jani lake sikuwahi kuligusa. Nililipapasa tena lile jani, nikamwambia, "Asante, mama." Alinipigapiga begani akasema tusogee, kuna mwingine mbele.