Neno la Kwanza Lilikuwa Ndoo

Mimi ni mwoga. Nasema mapema ili asije mtu akasoma haya akitarajia shujaa. Naogopa mbwa, naogopa ofisi zenye zulia, na zaidi ya yote naogopa watu wanaopunguza sauti wakikasirika. Kwa hiyo nilipopata kazi ya miezi mitatu katika utafiti wa watoto wa shule za msingi, nikaambiwa kwamba msimamizi wetu hajawahi kumfokea mtu, wiki nzima sikupata usingizi mzuri.

Utafiti wenyewe ulikuwa jambo jema. Ulitaka kujua watoto wa gredi ya kwanza wanajifunza vipi na wanaishi vipi na wenzao, kama wanasubiri zamu, kama wanasikiliza, kama wakigombana wanapatana. Sisi wasaidizi tulizunguka shule za Mikindani na Jomvu Kuu tukiwa na kishikwambi na kadi za picha. Mtoto hukaa mkekani, mbele yake kadi yenye picha nne. Wewe hukaa kitini, hatua tatu kutoka kwake, ili mkono wako au jicho lako lisimwonyeshe jibu. Unatamka neno moja, naye anaweka kidole kwenye picha yake.

Sheria ilikuwa moja, tuliiimba siku zote za mafunzo: soma kama ilivyoandikwa. Usieleze, usiongeze, usitikise kichwa. Neno la kwanza lilikuwa la kupima kama mtoto ameuelewa mchezo. Unalitamka mara tatu. Akikosa zote, ukurasa unafungwa, anapata sifuri, na wewe unachagua sababu. Neno hilo la kwanza lilikuwa "ndoo".

Huko lilikoandikwa, ndoo ni ya maji, basi. Lakini mimi nimelelewa na nyanya yangu, mtu wa Jomvu Kuu, na kinywani mwake "ndoo" ilikuwa "njoo". Ndoo ule. Ndoo nikusuke. Ndoo hapa uniambie nani aliyevunja kikombe. Nilipoanza shule Mikindani, wenzangu walinicheka kwa neno hilo, wakanicheka na kwa kusema "mato" badala ya "macho", nikayaacha yote mawili nyumbani. Mafunzoni nililiona kwenye orodha, nikacheka kimoyomoyo, nikanyamaza. Nani angeinua mkono mbele ya watu na shahada zao akaanza habari za nyanya yake?

Siku tuliyofika shule moja ya Jomvu Kuu, msimamizi alikuja kukaa nyuma yangu. Ndivyo kazi ile inavyokaguliwa: anaandika alama za mtoto kwenye karatasi yake, wewe kwenye kishikwambi chako, halafu mnalinganisha. Mkitofautiana, aliyekosea ni wewe. Tulipewa stoo ya magunia ya maharagwe, joto lake halisemeki, na kila kalamu ya yule bwana ilipogusa karatasi mimi niliruka.

Akaletwa msichana wa miaka saba, mtandio mweupe, hina iliyofifia kwenye vidole. Alikaa mkekani akakunja miguu vizuri, akanitazama.

"Ndoo," nikasema.

Akainuka, akaja, akasimama karibu yangu. Nilidhani anataka kwenda msalani. Nikamwashiria arudi akae, maana hilo liliruhusiwa.

"Ndoo."

Akainuka tena, sasa upesi zaidi, akafika hadi magotini pangu. "Abee," akasema polepole. Hapo nikajua. Mtoto yule hakuwa amekosa kitu. Mkubwa amemwita, amekuja. Kwetu mtoto akiitwa hajibu kwa kelele kutoka alipo; huinuka, huja, ndipo akasikiliza anaitiwa nini. Usikatae wito, kataa neno, ndivyo tulivyofunzwa, na huyu maskini alikuwa analingoja hilo neno.

Nyuma yangu kalamu ikakwaruza. Nilitakiwa tu kugeuka na kusema, bwana, neno hili hapa lina maana nyingine. Sikugeuka. Nilimrudisha mkekani nikasema "Ndoo" mara ya tatu, kavu, kama ilivyoandikwa. Alikuja akilia. Akaweka kiganja kwenye goti langu, nami nikabonyeza sifuri. Kwenye sababu nikachagua "hafuati maelekezo". Kwenye ukurasa wa tabia, palipoulizwa kama mtoto huondoka mahali pake bila ruhusa, nikabonyeza "mara kwa mara".

Msimamizi alilinganisha karatasi yake na yangu. Zilikuwa sawasawa.

"Kazi safi," akaniambia.

Siku zilizofuata nilijituliza kwamba zile ni takwimu tu, zitaingia kwenye kompyuta ya mbali na hakuna mtu atakayemjua yule mtoto. Uongo mtupu. Nilijua kwamba mradi ulikuwa umeiahidi kila shule orodha ya watoto wanaohitaji msaada. Wiki mbili baadaye nilirudi pale kuchukua fomu za walimu, nikamkuta mama mzee amekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mwalimu mkuu. Yule msichana alikuwa ameegemea ubavuni mwake. Aliponiona alijificha nyuma ya buibui la yule mama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ni wewe ulomtahini mjukuu wangu?"

Nikakubali kwa kichwa.

"Naambiwa arudi chekechea, akakae na wadogo. Ati hasikii, hatulii. Wallahi sielewi. Sura kumi na mbili amehifadhi, na hajatimia miaka minane. Na kusikia? Mimi nikimwambia ndoo mara moja tu, yuwaja mbio. Sasa mwenzangu hebu niambia, huko kwenu alifanya nini?"

Nilikuwa na jibu lote mdomoni. Nikasema, "Nitauliza, bibi, inshallah," nikaondoka na fomu zangu. Nilifika hadi langoni tu. Nilijikalia ukingoni mwa mtaro kama mlevi wa asubuhi. Niliogopa kufukuzwa kazi, ndiyo, lakini kilichonikalisha pale ni yule mtoto kujificha. Alikuwa ameniogopa mimi, mwoga mkubwa kuliko wote Mombasa nzima.

Jioni ile nilikwenda Shanzu, kwenye nyumba ya wageni alikofikia msimamizi. Alikuwa anakunywa chai barazani. Nilimweleza nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa sitaanza. Aliweka kikombe chini.

"Ulijua lini?" akauliza, na sauti yake ikashuka, ile ile niliyoiogopa.

"Mara ya pili."

"Na ya tatu ukaisoma?"

"Nikaisoma."

"Kwa nini?"

"Nilikuogopa wewe."

Niliwasikia wafanyakazi wa hoteli wakipita barabarani wakitoka zamu, wanacheka, na niliwaonea wivu kwa kicheko chao. "Wako wengine?" akauliza hatimaye. Nikamwambia wapo, watatu au wanne kwa hesabu yangu, na wa wenzangu siwajui. Akashika kichwa. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba hata yeye angeweza kuogopa, lakini uso wake ulibadilika, akaanza kupiga simu.

Lile neno liliondolewa kwenye orodha, ingawa picha ya ndoo ilibaki kwenye kadi, "kikombe" kikachukua nafasi ya kwanza, na watoto wote waliopata sifuri kwenye neno lile wakapangiwa kupimwa upya. Kazi sikufukuzwa. Adhabu yangu ilikuwa kwamba yule msichana nimpime mimi mwenyewe, naye msimamizi awe nyuma yangu kama siku ile. Mwalimu mkuu alikubali kungoja. Matokeo haya ndiyo yangeamua kama mtoto atabaki gredi ya kwanza.

Stoo ile ile, magunia yale yale. Akaingia, akakaa mkekani, akaingiza viganja vyote viwili chini ya mapaja. Nikamuuliza kwa nini anakalia mikono. Mwalimu wake alijibu kutoka mlangoni, kwa furaha kabisa: "Tumemfunza asiinuke. Tumefanya mazoezi kila siku."

"Kikombe," nikasema. Hakutikisika. Nilihesabu pumzi zangu.

"Kikombe," mara ya pili. Ikabaki mara moja.

"Kikombe."

Akachomoa mkono mmoja, taratibu, akiwa ananitazama, akagusa kikombe. Kisha akagusa mbuzi, akagusa jembe, akagusa mwavuli. Katika maneno ishirini alikosa moja, na hilo hata mimi picha yake sikuipenda. Kwenye ukurasa wa tabia nikabonyeza kwamba mtoto hutulia mahali pake wakati wote. Msimamizi aliniinulia kidole gumba. Mwalimu akapiga makofi. Mambo yalikuwa yamekwisha, atabaki darasani kwake, nami kwa mara ya kwanza baada ya wiki kadhaa nikavuta pumzi iliyofika tumboni.

Nikataka kumwomba msamaha. Sikujua mtu mzima anamwombaje msamaha mtoto wa miaka saba mbele ya watu, nikafikiri, nitamkumbatia tu. Niliweka kishikwambi sakafuni. Nikanyoosha mikono yote miwili, nikamwita kama nilivyoitwa mimi nilipokuwa mdogo.

"Ndoo, mwanangu. Ndoo."

Hakuja. Aliitazama mikono yangu, akamtazama mwalimu mlangoni. Kisha akainamisha kichwa kwenye kadi ya mwisho, iliyokuwa bado mbele yake, akaipitia picha moja moja mpaka akaiona, akaweka kidole juu ya ndoo.

"Hilo pia amepata," msimamizi akasema nyuma yangu.