Neno Alilokiri Shemeji Koma

Shemeji yangu hakuwa mwandishi wa habari. Naliweka wazi mapema kwa sababu siku hizi watu wanapenda kumkuza. Alikuwa msahihishaji wa prufu. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kona ya chumba cha habari, chini ya feni isiyozunguka, na kusoma kila walichoandika wenzake kabla hakijaenda mtamboni. Aliyeandika "ajari" alirudishiwa "ajali". Aliyeandika "swala la maji" alikumbushwa kwamba swala ni mnyama. Wenzake walimwita Koma, kwa sababu ya alama za koma alizowapachikia, na kwa sababu ndilo neno walilotamani kumwambia.

Nyumbani ndiyo usiseme. Dada yangu, mkewe, akiongea na simu, yeye anamsahihisha kutoka chumbani. Pacha wao walijua kwamba ukitaka ruhusa ya kwenda kucheza, uiombe kwa sarufi iliyonyooka. Mimi ni fundi cherehani na nilikuwa nashonea sebuleni mwao, kwa hiyo fungu langu nililipata. Siku moja nilimwomba akaniprintie vipimo vya sare za shule huko kazini kwake. Akavua miwani.

"Shemeji, hakuna kuprinti. Kuna kuchapisha."

Nikamwambia basi anichapishie kabla sijamchapa. Alicheka mpaka akapaliwa. Alikuwa mtu mwepesi wa kucheka, na namkumbuka hivyo kwa makusudi.

Sasa kisa chenyewe. Ghala la silaha lililipuka kando ya makazi ya watu, na mtaa mzima ukawa vifusi. Serikali ikaunda tume, tume ikaandika ripoti, ripoti ikagongwa muhuri wa SIRI na kufungiwa kabatini. Siri ya nani, mimi sijui. Waliokufa tuliwazika mchana, watu wote wakiona.

Halafu gazeti la kina Shemeji likaitoa ripoti ile ukurasa wa mbele: kwamba wakubwa walionywa zaidi ya mara moja kuwa makombora yameharibika na ghala lihamishwe, wakanyamaza. Jina la mwandishi halikuwekwa. Liliwekwa lile la siku zote, Na Mwandishi Wetu. Askari walipovamia ofisi, mmoja wao aliulizia kwa ukali huyo Mwandishi Wetu anakaa wapi. Nasikia hiyo ndiyo mara ya mwisho watu kucheka pale.

Mwandishi mwenyewe alikuwa binti mdogo ambaye Shemeji alimwita Mwanangu. Ripoti aliipata kwenye flashi kutoka kwa mtu wa wizarani. Akampa Shemeji flashi ile alinganishe nukuu, neno kwa neno, lisije likaongezwa wala kupunguzwa hata moja. Shemeji hawezi kusoma prufu kwenye kioo cha kompyuta, macho yanamtoka machozi. Akaitoa ripoti nzima kwenye karatasi. Na kwa kuwa mkono wake haujui kutulia, akaisahihisha. Ripoti ya siri ya serikali, jamani, kwa kalamu nyekundu. Palipoandikwa "hawakuchukuwa hatua" alikata ile w. Kisha badala ya kuzichoma karatasi hizo akazitia kwenye droo yake, na ndimo askari walimozikuta.

Nilimkasirikia kwa hilo na mpaka leo hasira haijaisha.

Mhariri mkuu alisema wiki ile alikuwa likizo. Mwenye gazeti aliomba radhi ukurasa mzima. Binti hakuonekana tena, si kazini wala kwao. Akabaki Koma na mwandiko wake, wakamchukua yeye.

Wakili aliyetafutwa na Dada alikuja nyumbani baada ya kuonyeshwa maelezo aliyoandikishwa Shemeji polisi. Hakutaka hata kukaa.

"Mama, mbona mumeo ameshakiri?"

"Amekiri nini?" Dada akauliza.

"Kuchapisha. Afande kamuuliza, nani alichapisha ripoti hii? Kajibu, nilichapisha mimi. Na sahihi kaweka."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka peke yangu katika nyumba ile, mpaka Dada akanitazama kama mwehu. Kisha nikamweleza wakili kuwa mtu huyu akisema kuchapisha ana maana ya kutoa karatasi kwenye mashine. Kaonyeshwa karatasi zenye wino wake mwekundu, kaulizwa nani alizichapisha, kajibu Kiswahili chake. Angekuwa mtu wa kusema kuprinti kama sisi wengine, wangeandika kuprinti.

Wakili akavuta kiti. Alituambia sheria ya siri humfunga anayechapisha kwa maana ya kutangaza, tena kifungo kirefu, atoke awakute pacha wake wameshaoa. Haiulizi kama habari ni ya kweli. Haiulizi kama waliobomokewa na nyumba walikuwa na haki ya kuijua. Lakini kukutwa na karatasi ni kosa dogo, hilo linazungumzika.

"Aseme tu mbele ya hakimu kwamba alimaanisha mashine," alisema. "Anarudi nyumbani."

Dada alipiga pasi shati la mahakamani siku hiyohiyo. Aliimba, mtu ambaye haimbi.

Tulipokwenda kumwona rumande, mimi na Dada, tulimkuta amekonda na ndevu zimeota ovyo. Alisikiliza yote kupitia wavu, akitikisa kichwa taratibu, nikadhani anakubali.

"Mama Pacha, hao wameshapata mtu wao, wameacha kutafuta," alisema. "Nikisema nilitoa karatasi tu, wanaanza upya. Na swali la kwanza ni langu: flashi nilipewa na nani."

"Si useme uliiokota?"

"Nani ataamini? Watanibana mpaka nimtaje Mwanangu. Wakimpata yeye, wanamfikia aliyempa. Na huyo hawatamfunga, mke wangu. Huyo watampoteza."

"Kwa hiyo ufungwe wewe."

"Mimi nitafungwa. Mtu wa kufungwa anarudi."

Dada yangu hajawahi kumwomba mtu kitu. Tulipofiwa na wazazi alinilea kwa kuosha vyombo vya watu na hakumwomba mtu. Siku ile aliomba. Alitia vidole kwenye wavu akaomba kwa sauti ambayo sikuitambua, mpaka wageni wa mahabusu wengine wakanyamaza kumsikiliza. Akamwambia pacha wanauliza kama baba yao ameiba.

"Waambie sikuiba."

"Halafu wakiuliza umefanya nini, niwaambie nini?"

Shemeji alimtazama. Mtu aliyekuwa na neno sahihi kwa kila kitu alikaa pale akitafuta, na muda wa kuonana ukaisha akiwa bado anatafuta.

Hata hivyo Dada hakukata tamaa, wala mimi. Tulijiambia akisimama kizimbani akatuona atalegea. Siku ya kesi wakili alieleza vizuri zile maana mbili, watu wakacheka kidogo, na hakimu, mama mtu mzima, akaweka kalamu chini.

"Mshtakiwa, ulimaanisha lipi? Kutoa nakala kwenye mashine, au kutangaza kwa umma?"

Mwendesha mashtaka alikuwa ameshaanza kuinuka kitini. Swali la flashi alikuwa nalo mdomoni, hilo hata mimi niliyeishia darasa la saba nililiona. Dada alinishika mkono, kucha zikaniingia. Shemeji akatuangalia, sisi wawili, kwa muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa mahakamani.

"Nilitangaza, Mheshimiwa," alisema.

Mwendesha mashtaka akaketi tena. Nilitaka kusimama nipige kelele kwamba anasema uongo, kwamba huyu hajatangaza kitu maishani mwake, huyu anakata herufi tu. Sikusimama. Naona aibu na nashukuru kwa pamoja, na hayo mawili yananichosha.

Baada ya hukumu askari mmoja mwenye huruma alituruhusu tumuage uani, karibu na gari la magereza. Nilijitayarisha kumshika Dada, maana nilijua ataanguka. Alisimama wima.

"Huyo mtu wa wizarani," alimuuliza mumewe. "Ni nani?"

"Sijui."

"Jina tu."

"Sikutaka kuambiwa. Hata kama ni mwanamume au mwanamke, sijui."

Dada akamfunga kifungo cha juu cha lile shati, kilichokuwa kimeachia.

"Yule humjui, Baba Pacha," alisema. "Mimi unanijua."

Askari akamshika Shemeji mkono, akampandisha garini. Gari likaondoka naye.