Biskuti za Komunyo

Nikipasua yai, kwanza ninalinusa. Watoto wangu hunicheka, lakini hawakuwapo kwenye ile zahanati ya mtaa wetu hapa Likasi, Jumapili ya komunyo ya kwanza ya binti wa dada yangu mkubwa, ambaye kwetu tunamwita yaya.

Yaya alikuwa ameniomba biskuti. Mama mkwe akaniletea mayai kutoka Kapolowe, kwenye kikapu chenye majani makavu. Nilioka biskuti Jumamosi asubuhi, kisha nikapiga ute wa mayai na sukari ya unga na matone ya ndimu, mpaka ukasimama wenyewe kwenye kijiko. Nikautia kwenye mfuko wa plastiki, nikakata pembe yake kidogo kama ncha ya sindano, nikaanza kuchora. Kwanza mstari wa pembeni, unaozuia sukari isimwagike, halafu katikati najaza. Nilichora njiwa, vichala vya zabibu, kikombe cha Misa. Zilipokauka ziling'aa kama kauri. Yaya aliziangalia, akasema ni dhambi kuzila.

Baada ya Misa watoto walizila bila kuwaza dhambi.

Jua lilikuwa bado kali binti wa yaya alipoanza kutapika juu ya gauni lake jeupe. Tukadhani ni joto. Kisha jirani akapiga kelele kwamba na mwanawe anatapika, na mwingine anaharisha. Tukawabeba mbio mpaka zahanati. Njiani kichwa cha binti wa yaya kilikuwa kinaning'inia begani kwangu, na mimi nilikuwa na wazo moja tu: ule ute sikuupika. Niliwalisha mayai mabichi, yaliyosafiri kwenye joto.

Muuguzi aliwatundikia maji ya dripu, akatuuliza walikula nini. Kila mama alitaja wali, kuku, juisi. Halafu jirani akanigeukia.

"Na ile mabiskuti? Weye njo uliifanya. Uliwekamo nini?"

"Sukari, mama. Ndimu. Na ute wa mayai."

"Mayai mubichi?"

Nikaitikia kwa kichwa, na hapo nikaona macho ya watu yakibadilika. Mwanamume mmoja kule mlangoni alitamka neno sumu, taratibu, kama mtu anayejisemea. Kwetu neno hilo likishatamkwa haliwezi kurudishwa. Nawajua watu waliohama mtaa kwa sababu yake.

Nilimfuata muuguzi pembeni. "Dada, yai bichi linaweza kufanya hivi?"

"Inaweza," akasema. "Lakini tungoje kwanza."

Nilikwenda nyumbani kwa yaya kuchukua biskuti zilizobaki, ili muuguzi azione. Niliporudi nazo kwenye beseni, jirani alisimama mbele yangu.

"Kula, tuone."

Yaya akanishika mkono. "Acha. Usikule."

Nilimtazama yaya, na niliogopa zaidi, kwa sababu nilielewa kwamba naye hakuwa na hakika. Nikachukua biskuti ya njiwa, nikaila. Ile sukari ilikatika mdomoni kama chokaa. Nikala ya pili. Kisha nikakaa kwenye benchi, mikono tumboni, nikisikiliza. Tumbo liliponguruma nilianza kusali, wala sijui niliomba nini, nipone au niugue pamoja nao ili wasiniite mchawi.

Jua lilikuwa linazama walipomleta bibi mmoja kwa toroli, mama mkwe wa yule jirani. Alikuwa anatapika kama watoto. Muuguzi akamwinamia.

"Bibi, ulikula biskuti?"

"Miye niko na meno ya kukula biskuti?" Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Nilikunywa tu ile jus."

Mabomba ya mtaa yalikuwa yamekauka wiki ile, na maji ya juisi yalichotwa kisimani, hakuna aliyeyachemsha. Muuguzi aliuliza tena, mmoja mmoja, nani alikunywa juisi. Wote waliolala pale walikuwa wameinywa. Mimi sikuwa nimeionja.

Jirani hakuniomba radhi. Alikwenda kumfuta bibi uso, na alipopita karibu yangu aliangalia chini.

Asubuhi binti wa yaya alifungua macho, akanywa maji ya chumvi na sukari yote. Wengine nao walipona, na bibi pia.

"Mama mudogo," binti wa yaya akaniambia, "nipe ile ya zabibu."

Yaya alinitazama, akaashiria kwa kichwa kwamba nimpe. Beseni lilikuwa chini ya benchi, limefunikwa kitambaa.

"Imeisha," nikasema.

Zile biskuti nilizipeleka nyuma ya nyumba yangu, nikachimba shimo, nikazifukia na michoro yake yote, nikakanyaga udongo vizuri, kuku wasije wakazifukua.