Mchanga wa Kamanyola

Philémon alikuwa na neno lake moja, akalirudia hadi watu wakachoka: samaki hauawi na njaa, anauawa na mchanga mbaya. Ukimcheka, alikuacha ucheke.

Alifundishwa na Docteur Grégoire, mzungu wa mtaa wa Muhumba aliyefuga samaki wa bahari katika tangi la kioo sebuleni, hapa Bukavu, ambapo bahari watu huiona kwenye kalenda tu. Mwaka 1974 docteur alifunga masanduku kurudi kwao, akamwachia Philémon funguo, magunia ya chumvi ya kutengenezea maji ya bahari, na ombi moja: "Unitunzie ile samaki." Philémon akaapa. Tangu hapo aliishi nyuma ya nyumba ile na mama yake, maman Clémence. Samaki alibaki mmoja, wa rangi ya machungwa, asiyelala popote ila ndani ya ua la bahari lenye vidole, lililoshika jiwe kubwa chini ndani ya tangi.

Mwaka wa pili mwani ukaingia, ule wa kijani unaoota kama nywele. Philémon akapunguza chakula, akafunika kioo kwa pagne, kitenge cha mama, jua lisiingie, akabadilisha maji, akaung'oa kwa vidole. Wapi! Kesho yake uko palepale. Mchanga wa matumbawe alioucha docteur chini ya tangi ulikuwa umeshiba uchafu, na mwingine kama ule angeupata wapi? Docteur alikuwa ameonya: mchanga wa mto, hapana, unalisha mwani. Lakini mwenye shida hachagui. Isidore, dereva wa lori za Uvira, akamletea magunia mawili ya huo wa mto, naye Philémon akauosha maji saba, akautandaza.

Wiki ya tatu utando mwekundu ukafunika mchanga wote. Aliufyonza kwa mpira wa maji; asubuhi ulikuwa umerudi. Maman Clémence akaja kusimama mbele ya kioo.

"Hii muchanga ilitoka wapi?"

"Kwa Isidore, maman."

"Sikuuliza ya nani."

"Kamanyola. Kwa muto Ruzizi."

Mama akakaa chini, kwenye simiti. Wakati wa vita vya mwaka wa sitini na nne, Philémon na mdogo wake Barthélemy walikimbilia mto ule pamoja, pale Kamanyola. Philémon alitoka majini. Mwenzake hakuonekana tena, na Philémon hakusema kamwe ilikuwaje. Kwa kuwa mwili haukupatikana, mama alikataa matanga miaka kumi na miwili. Hakulia, hakunyoa nywele. Majirani walidhani amezoea. Mwenye kovu usidhani kapoa.

"Ni yeye," akasema. "Amerudi nyumbani, na sisi tunamufyonza na mupira."

Philémon alijua ni uchafu wa mto tu, na angeweza kueleza vizuri sana. Badala yake akaleta magunia yaleyale. Akauchota mchanga, akaurudisha kwenye magunia ili ukazikwe kijijini Kabare, kando ya kaburi la baba.

"Yote iko humu?" mama akauliza.

Chini ya jiwe zilibaki konzi mbili za mchanga. Kuling'oa jiwe ni kulirarua ua, na ua likifa samaki hana kwake.

"Yote, maman."

Wakazika. Mama akalia siku tatu, akanyoa, akala, akalala usingizi mzito.

Usingizi ukamhama Philémon. Kila asubuhi wekundu ulitoka chini ya jiwe, mwembamba, ukitambaa kwenye kioo kitupu kuelekea upande aliosimama. Alijiambia: ni mwani, bwana, ni mwani. Siku moja akajikuta anausalimia kwa jina la Barthélemy. Hapo akaogopa kweli, kwa sababu alielewa amefanya nini: amemwacha tena, na safari hii kwa ajili ya samaki.

Akaingiza mikono, akaling'oa jiwe. Ua likararuka. Samaki akazunguka kutwa nzima akitafuta kwake, na siku ya nne akaelea juu.

Philémon akampelekea mama konzi zile mbili, zikiwa kwenye sahani.

"Nilikudanganya, maman. Hii ilibakia. Na ile siku, mu maji, nilikuwa nimemushika mukono. Ni mimi nilimuachilia."

Mama akaupokea mchanga, akaufunga kwenye ncha ya kitambaa chake polepole.

"Nilijua tangu siku ulirudia peke yako," akasema. "Kama hukumuachilia, leo ningezika muchanga ya batoto babili."